Barua kwa Mwanaidi, aliyeniuliza kama aache kazi

Korogwe, Jumapili

Mwanangu Mwanaidi,

Marahaba mama. Ujumbe wako niliusoma Ijumaa usiku, nikaurudia asubuhi baba yako alipotoka kwenda barazani. Umeandika mrefu kuhusu hiyo kazi yako ya mikopo huko Dar, na mwishoni ukaniuliza mambo matatu ambayo tukiyazungumza kwa simu nitaishia kufoka au kulia, na vocha itakata kabla sijamaliza. Ndiyo maana nimechukua daftari. Mdogo wako ataipiga picha hii barua akutumie. Nimemwambia asisome, ingawa najua atasoma.

Umeuliza: Mama, kazi inatakiwa impe mtu furaha, au sisi wa siku hizi tumedekezwa? Ukauliza: wewe ulikuwa na furaha kwenye cherehani yako? Halafu ukamalizia: niache kazi nirudi Korogwe tushone wote?

Naanza na la pili, maana la kwanza linajibika humohumo. La tatu nitalifikia nikishapata nguvu.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa unalala chini ya meza yangu ya kukatia, juu ya mabaki ya vitambaa. Kwa hiyo unachokumbuka ni redio, miguu yangu kwenye pedeli, na wanawake wanacheka. Kazi yangu uliiona kutokea chini. Ngoja nikueleze ilivyokuwa juu ya meza.

Nilichokipenda kuliko vyote ni marinda. Sketi ya shule ya msichana wa sekondari, ile ya bluu nzito, ikiwa bado kitambaa huwezi kuamini kwamba itasimama. Unapima kiuno, unagawa, unatia alama za chaki juu na chini, unakunja rinda moja baada ya jingine huku ukihakikisha yote yanaangalia upande mmoja. Unapiga bandi kwa mkono ili yasikimbie, ndipo unashona mkanda. Halafu unatandika kitambaa chenye maji juu yake na kukandamiza pasi ya mkaa mpaka mvuke ukupige usoni. Ukichomoa bandi, marinda yanabaki yamesimama yenyewe. Hapo, mwanangu, nilikuwa na furaha. Sikuhitaji mtu aniambie nimefanya vizuri, nilikuwa naona mwenyewe, na hata mwenye sketi asiposema asante haikunipunguzia kitu.

Lakini hapo ni pale bandi inapochomoka tu. Sasa chukua Desemba inayoelekea Januari, wazazi wote wa mji mzima wanapokumbuka siku moja kwamba shule zinafunguliwa. Wanakuja na vitambaa, wanakuja na watoto ambao wamerefuka tangu mara ya mwisho, wanakuja na pesa nusu. Au chukua kumi la mwisho la Ramadhani. Mtu kitambaa chake kimekaa kabatini tangu Rajabu, anakuletea mwezi ishirini na saba, anataka gauni la Idi lenye lesi na mikono ya puto, na haondoki. Anakaa kwenye benchi anakutazama. Nilikuwa nashona mpaka wapiga daku wanapita. Mgongo haunyooki, uzi mmoja nauona miwili, na ninyi watoto mmekula chai na mkate kwa sababu mama yenu anaipenda kazi yake.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, nilikuwa na furaha, na kuipenda kazi hakukunikinga hata kidogo. Tena kulinizidishia mzigo. Kazi usiyoipenda saa ikifika unaiacha, unatoka. Unayoipenda unaiambia ngoja nimalizie hii moja, na ile moja haina mwisho.

Mitumba siitaji sana. Ilipoanza kumwagika katikati ya miaka ya 1980 ndiyo kwanza nilikuwa najifunza kazi, na nimewaona mafundi wakubwa, watu walioshona suti za maharusi wa wilaya nzima, wanafunga milango. Tuliobaki tulibebwa na sare za shule na nguo za sherehe, kwa sababu sare ya shule huipati kwenye robota. Nalisema hili ili ujue kwamba hata huko kwenye kazi ya kupenda, bei haipangwi na mapenzi yako.

Sasa nikupeleke kwa babu yako, baba yangu, ambaye hukumuwahi.

Aliletwa huku kutoka Songea miaka ya 1950 na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba iliyokuwa ikiandikisha vibarua wa mkonge. Wakati ule mkonge ndio ulikuwa unailisha nchi. Mwaka 1964 tulitoa zaidi ya tani 200,000, na hakuna aliyetupita duniani. Babu yako habari za tani hakuwa nazo. Yeye alikuwa na kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na siku ambayo hukutimiza hesabu yako haikuandikwa.

Alikuwa anatoka nyumbani bado giza. Kukata mkonge, kwa kuwa hujawahi kuona, ni hivi: unaingia kati ya mistari, unakata majani ya chini yaliyokomaa, ya katikati unayaacha, unafyeka mwiba wa ncha, unafunga majani 30 kuwa bunda moja, unabeba begani mpaka kwenye reli ya troli, unapanga. Nyapara anapita anahesabu. Bunda lenye majani mafupi analitupa pembeni na hakuna rufaa. Maji ya mkonge yakikupata kwenye ngozi unawashwa mpaka usiku. Viganja vya babu yako sisi watoto tulikuwa tunavikwepa, akikushika shavu kwa mapenzi unahisi msasa.

Mtu aliyeupenda mkonge sijawahi kumsikia. Lakini hesabu ikitimia imetimia. Saa saba mchana, ikichelewa saa nane, babu yako alikuwa amesharudi, ameoga, na hakuna nyapara wala meneja mwenye haki ya kumwita tena mpaka kesho. Jioni yake ilikuwa yake. Alikuwa na mahindi yake bondeni, alikuwa na bao chini ya mwembe, na siku za mapumziko alikuwa anacheza lizombe na wenzake wa Songea mpaka vumbi linafunika taa za chemli. Ungemuuliza kama ana furaha angekuona unaumwa. Mimi niliyekaa naye nakwambia alikuwa nayo, ila hakuipata kwenye mkonge. Aliipata kwa sababu mkonge ulikuwa unamwachia.

Usinielewe vibaya. Simtamanii mtu yeyote maisha yale. Malipo yalikuwa madogo, na sisi tulioenda shule tulienda kwa maarifa ya mama yetu, siyo kwa kipande. Kamba za plastiki zilipoingia bei ikaanguka, mashamba mengi yakaota msitu, na watu wa rika lake wakabaki kwenye nyumba za kambi bila kazi na bila nauli ya kurudi kwao. Walikuwa wanasema kiwandani, kwenye korona, ile mashine ya kuchambua majani, kila kilo 100 za majani zinatoa singa kavu, yaani nyuzi zenyewe, kama kilo 4 tu, nyingine zote maji na makapi. Mtu wa mahubiri angekwambia furaha ya kazi nayo ndivyo ilivyo. Babu yako hakuwa mtu wa mahubiri, na mimi sianzi leo.

Sasa swali lako la kwanza. Sisi hatukuulizwa. Tumekua na Uhuru na Kazi, na mwaka 1983 ilipokuja sheria ya Nguvukazi, mtu asiye na kitambulisho cha kazi alikuwa anakamatwa Dar es Salaam anarudishwa kijijini kwao. Kazi ilikuwa ushahidi kwamba wewe si mzururaji, basi. Baadaye tukaambiwa Hapa Kazi Tu, kisha Kazi Iendelee. Katika yote hayo sijasikia aliyeuliza huyu mwenye kazi analalaje. Kwa hiyo hapana, hamjadekezwa. Mmeuliza kwa sauti kitu ambacho sisi tulikuwa tunakinung'unika jikoni.

Ila na hao wahamasishaji wenu wa kwenye simu siko nao. Wanaosema fuata unachokipenda, hutaona kama unafanya kazi. Hao hawajashona gauni la mwezi ishirini na saba na mwenye gauni amekaa kwenye benchi. Mimi kazi naidai vitu viwili tu: iniachie jioni yangu, na isinifanye nione haya nikikutana na mtu njiani. Ikinipa na marinda juu yake, alhamdulillahi. Furaha yenyewe nitaitafuta huko kwenye nafasi inayobaki, kwa watu wangu, kwa ibada yangu, kwa kukaa tu nikasikiliza taarabu bila mtu kuniuliza nguo yake.

Na hapa ndipo ninapotaka utulie, kwa sababu ujumbe wako nimeusoma na miwani.

Habari za saa za kazi umezipa sentensi mbili. Kwamba unatoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku, na kwamba kundi la WhatsApp la ofisi linalia mpaka saa tano kwa sababu bosi anataka idadi ya marejesho kabla hajalala. Mshahara hukuulalamikia, umesema ni mzuri. Tageti umezitaja mara moja. Sehemu yote iliyobaki, tena ndefu, ni yule mama wa Tandika.

Umeniandikia jinsi mlivyokwenda na kirikuu, ninyi maafisa mikopo na dalali, kuchukua friji na cherehani kwa sababu ameruka marejesho na wenzake wa kikundi wamechoka kumlipia. Kwamba mtoto wake, wa darasa la pili hivi, alishika waya wa friji. Hakulia, alishika tu, mpaka mwenzako akamfungua kidole kimoja kimoja. Na wewe ndiye uliyekuwa na karatasi unaandika orodha. Umeniandikia mpaka ulichokiandika: cherehani 1, Butterfly, nyeusi, meza imepasuka. Mwanangu, mtu mwenye shida ya saa za kazi hakumbuki kwamba meza ilikuwa imepasuka.

Uchovu tunaujua. Ukilala unapungua, ukipata siku mbili tatu za kukaa unaanza hata kuwakumbuka wenzako wa kazini. Hiki cha Tandika hakilali. Ukipewa mwezi mzima wa kupumzika utakaa kitandani unaviona vile vidole. Una vitu viwili, na wewe umevifunga fundo moja ukanipa, ukasema mama sina furaha, nifanyeje. Mimi nakurudishia uvifungue kwanza, maana dawa ya kimoja haitibu kingine.

Nianze na kile kigumu.

Sisemi kampuni yenu ni ya kausha damu. Umenieleza kwamba ina leseni, inafuata ile sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018, na mkataba yule mama aliusaini kwa mkono wake. Pesa ya watu lazima irudi, isiporudi mwingine hapati. Hilo sibishi, na wanaodhani mkopo ni zawadi nawajua, wengine ni jirani zangu.

Lakini mimi pia nimewahi kukopa, unakumbuka. Ile mashine ya ovaloki ililetwa na mkopo wa kikundi, tulikuwa wanawake watano, marejesho kila Jumanne. Afisa wetu alikuwa kijana mmoja mwembamba wa kutoka Lushoto, anakuja na baiskeli, suruali ameibana na kibanio cha nguo. Nilipomaliza wa kwanza nikaomba mkubwa zaidi, nataka mashine mbili na msichana wa kunisaidia. Yule kijana akakaa kwenye benchi ileile ya wateja wangu, akaomba daftari. Akahesabu wangapi wananidai nguo na wangapi nawadai pesa. Akaniuliza mwezi wa tatu huwa napata nini, sare zimeshaisha na Idi bado haijafika. Nikajikanyaga. Akafunga daftari akasema, "Mama, huu mkopo utakula cherehani." Akaninyima.

Nilimsema kwa kila aliyepita dukani. Nilisema ana dharau, nilisema anawapendelea watu wa kwao milimani. Leo nikimwona ningempikia pilau.

Kazi yake na yako ni moja, mwanangu. Leseni kama yenu, riba kama yenu, bosi mwenye presha kama wenu. Ila yeye alikuwa anasema hapana mwanzoni, mteja akiwa bado na vitu vyake. Ninyi kwa ajili ya tageti mnasema ndiyo kwa kila mtu mwanzoni, halafu mwishoni mnakwenda na kirikuu. Yule mama wa Tandika nani alimpima? Nani alikaa kwenye benchi yake akamuuliza mwezi wa tatu? Kama hakuna, basi friji yake ilianza kuondoka siku mliyompa pesa.

Kwa hiyo kabla hujaandika barua ya kuacha, andika ya kuomba kuhamishwa. Umewahi kuniambia kuna dawati la wanaokagua biashara kabla mkopo haujatoka. Liombe hilo. Kwa maandishi, kwa adabu, ueleze kwamba una uzoefu wa mitaani na unawajua wanaoweza kulipa na wasioweza, na kwamba kampuni itaokoa pesa. Usiseme habari za haya, hawatakuelewa. Waambie habari za hasara, watakuelewa haraka. Wakikupa, utaona kama unaweza kulala. Wakikunyima, au wakikupa halafu huko nako wakulazimishe kupitisha kila ombi, umeshapata jibu lako na hutanihitaji mimi. Ondoka, na usijione umeshindwa.

Uchovu sasa, huu ni mwepesi zaidi ingawa ndio unaokutoa machozi asubuhi. Nimemuuliza binamu yako Athumani anayesoma sheria Mzumbe. Amenisomea kwenye simu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 mpaka nikamwambia polepole. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na kwa siku zisizidi 9. Saa za ziada lazima mkubaliane, zisizidi 50 katika wiki nne, na zinalipwa mara moja na nusu. Anasema mameneja wana utaratibu wao, lakini wewe si meneja, hata kama kitambulisho chako kinasema afisa. Na likizo ni siku 28 kwa mwaka, yenye malipo. Wewe tangu mwaka jana hujaigusa. Uliniambia ofisi ina kazi nyingi. Ofisi itakuwa na kazi nyingi mpaka Kiyama.

Najua anayedai saa zake huonekana mvivu. Najua wanaoitaka nafasi yako wanazunguka mjini na bahasha za vyeti kwapani, na bosi wako anajua unajua. Sheria haiwezi kukukinga na uso wa mtu. Ndiyo maana sikwambii ukagombane kuhusu saa. Nakwambia jaza fomu ya likizo kesho Jumatatu, na lile kundi la WhatsApp lizime sauti ikifika saa mbili usiku. Akikuuliza, mwambie simu huwa inachajiwa chumba kingine. Iweke kweli chumba kingine, usiwe umesema uongo.

Haya, la tatu. Uje Korogwe tushone?

Hapana, mama. Siyo sasa, na siyo kwa sababu hii. Ungekuja kwa kuipenda kazi ningekupokea kesho, ningekuanzisha na kupiga pindo miezi mpaka unichukie. Lakini wewe unakuja kukimbia, na anayekimbia hashoni vizuri, mkono unatetemeka. Halafu huku wateja wangu ni walewale akina mama wa Tandika, tofauti ni mtaa tu. Watakukopa mshono, watakuzungusha, na wewe utakaa kwenye ile benchi unamdai mtu ambaye hana. Usidhani utakuwa umelikwepa.

Kuna hesabu moja nataka uijue, kwa sababu nahisi nusu ya kinachokushikilia huko ni sisi. Pesa unayotuma kila mwezi inalipa umeme na dawa za presha za baba yako. Pensheni yake inatosha dawa, tumeshapiga hesabu. Umeme ni wangu, nikishona hata sketi chache kwa mwezi unatosha, na kama hautoshi tutawasha taa moja. Kinachobaki kwenye pesa zako huwa namwekea mdogo wako, na yeye ana mikono. Ukikaa kwenye hiyo kazi, kaa kwa sababu zako. Usije ukasema miaka kumi mbele kwamba ulikaa kwa ajili ya dawa za baba.

Na ukiamua kuondoka, ondoka kwa utaratibu. Athumani anasema anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28, kwa maandishi, ila usome na mkataba wako kama unadai zaidi. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Dai cheti cha utumishi, ni haki yako. Angalia NSSF kama michango yako yote imeingia kabla hujatoka, kwa sababu ukishatoka hakuna atakayepokea simu yako. Na uwe umeshaweka kodi ya nyumba ya miezi kadhaa, maana Dar ukikosa kodi hasira zote zinaisha na unarudi kuomba kazi ileile kwa mshahara mdogo.

Jambo jingine. Yule mama, cherehani yake imeshauzwa na dalali au bado iko stoo kwenu? Nauliza tu. Ile ya kwangu ya mkono iko juu ya kabati, imefunikwa, inahitaji mafuta na mkanda hauna shida kwa kuwa haina mkanda. Sitaki ivunjwe taratibu ya kazi yako, na wewe usijulikane humo hata kidogo, utajiletea maneno. Lakini mabasi ya Dar yanapita hapa kila siku, na mimi watu wa Tandika siwakosi. Nijibu kwanza kama imeuzwa.

Ukipata likizo njoo, hata wiki moja. Muhogo umekomaa na shangazi yako wa Muheza ameahidi machungwa. Cherehani hutaigusa.

Baba yako usimwambie lolote kwenye simu kwa sasa. Barazani anawaambia watu kwamba uko benki, na mimi sijawahi kumsahihisha. Nitamwambia mwenyewe, siku nitakayopika samaki wa nazi, na akishamaliza kula.

Mama yako